Punje za Bakuli la Lambert

Gillis Verhorst alikuwa muuza nguo mjini Rietwijk, na kama angetosheka na kuuza nguo, haya yote yasingetokea. Wauza nguo wote wa Uholanzi siku hizo walikuwa na kioo cha kukuzia, cha kuhesabia nyuzi. Gillis alichoka na nyuzi. Alijifunza mwenyewe kuyeyusha kipande cha bilauri kwenye moto mpaka likajikusanya tone la mviringo, dogo kuliko punje ya mtama, akalibana tone lile kati ya vibati viwili vya shaba vilivyotobolewa tundu, akakisogeza kidude chote jichoni. Hiyo ndiyo ilikuwa hadubini yake. Tangu siku ile duka akamwachia mkewe.

Alichungulia kila kitu kisichoweza kumkimbia. Alichungulia chumvi akaona visanduku, alichungulia shura ya baruti akaona sindano. Alichungulia siki iliyokauka, mkojo wake mwenyewe, na unga mweupe uliotoka kwenye kidole gumba cha mjomba wake mwenye jongo. Kila alichokiona alikichora kwa kalamu nyekundu kwenye daftari lenye jalada la ngozi, ukurasa mmoja kwa kila fuwele, na daftari lilikuwa limefika ukurasa wa sitini na tatu.

"Kila kitu kina sura yake," aliwaambia wateja waliokuja kutafuta kitambaa cha suruali wakajikuta wanasomeshwa. "Binadamu atakudanganya, karatasi itakudanganya. Fuwele haina sababu ya kumdanganya mtu."

"Huyu bwana anaijua sura ya chumvi kuliko sura yangu," alisema mkewe, Baertje, kutoka nyuma ya meza. "Hicho ulichoshika kinarudi ukikifua, mama. Chukua kile cha kijivu."

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hii: anakoroga kitu kwenye maji, anadondosha tone kwenye kigae cha kioo, anakiweka juu ya kisanduku cha makaa ambacho Baertje alikitumia kupasha miguu joto. Kabla hajamaliza kuvuta kiko kimoja, tone limekauka na fuwele zimejitokeza. Hakuwa na subira ya kungoja zaidi ya hapo, wala hakuona sababu ya kungoja.

Mwezi wa Januari alifariki Lambert Ockersz, mtia rangi wa Mfereji Mweusi, baada ya kuhara damu siku tano. Ugonjwa ule uliondoka na wengi mwaka huo, naye alizikwa bila neno. Siku sita baada ya mazishi, mjane wake Hillegond aliteremka stoo ya chini ya nyumba, akakuta bakuli ambalo marehemu alinyweshewa maziwa mara ya mwisho. Lilikuwa limesahaulika kule kwenye baridi bila kuoshwa. Maziwa yalikuwa yamekauka na kitakoni zilibaki punje nyeupe zinazometameta. Juu ya rafu hiyohiyo palikuwa na kopo la sumu ya panya lililopungua nusu. Hillegond alilifunga bakuli kwenye kitambaa, akaenda nalo moja kwa moja kwa hakimu.

Aliyempa Lambert maziwa yale ni mtumishi wa ndani, Swaantje Reyers, msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka mashambani. Hakukana. Alisema punje zile ni shabu. Nyumba ya mtia rangi haikosi shabu, maana bila hiyo rangi haishiki kwenye nguo, na huko kwao mtu akiharisha damu huchemshiwa maziwa na shabu, yakikatika huchujwa, mgonjwa anakunywa, tumbo linakaza. Mama yake alimfundisha hivyo, na wadogo zake wawili walipona kwa dawa hiyo. Ile ya panya alitumwa kuinunua na Hillegond mwenyewe, na panya ndio waliokula.

Tatizo ni kwamba punje zenyewe hazikujaa ukucha. Tabibu alipendekeza apewe mbwa, mwuza dawa akasema hazitoshi kumsumbua hata kuku. Ndipo mjumbe mmoja wa baraza akamkumbuka Gillis.

Gillis alikwenda na kola yake nyeupe ya Jumapili, daftari kwapani. Miaka minane watu walikuwa wanamcheka, na sasa baraza la mji lilikuwa limemtumia askari wawili kumwita kwa heshima. Alisimama dirishani penye mwanga, akabandika punje moja kwenye ncha ya sindano, akaigeuzageuza mbele ya tundu. Aliona fuwele safi yenye pande nane, piramidi mbili zimeshikana kitako kwa kitako. Mwuza dawa akampa chembe ya sumu ya panya kutoka kwenye chupa yake. Akaichungulia. Pande nane, piramidi mbili, kitako kwa kitako.

"Ni ileile," alisema.

"Na shabu je?" aliuliza hakimu, Cornelis van Teylen, mzee mnene asiyependa mambo marefu.

Gillis alifungua ukurasa wa arobaini na moja akauinua wauone wote. "Shabu ni bapa, Mheshimiwa. Vibamba vya pembe sita. Nimeichora mimi mwenyewe mwaka juzi."

Swaantje alikuwa amesimama kati ya askari, mikono imefungwa mbele. "Bwana Gillis, mimi unanijua," alisema. "Mara ngapi nimekuja dukani kwako na mzigo wa bwana? Hiyo ni shabu. Nipeni niilambe hapahapa mbele yenu. Shabu inakaza ulimi, hata mtoto anajua."

"Ukiilamba ukatufia hapa, tutamnyonga nani?" alisema hakimu, na wajumbe wawili watatu wakacheka.

"Haina haja ya kulambwa," alisema Gillis. "Imeshaonekana."

Mtu mzima, mwenye akili zake, alisema hivyo. Kisha akainua vidole viwili vya mkono wa kuume, akaapa mbele ya Mungu kwamba alichokiona ni sumu na si shabu.

Sheria ya nchi ile haikumruhusu hakimu kumnyonga mtu kwa kiapo cha shahidi mmoja. Ilitaka mshtakiwa aungame kwa kinywa chake. Lakini kiapo kimoja kilitosha kufungua mlango wa chumba cha chini, chenye vyuma vya kubania vidole gumba, na hilo kila mtu Rietwijk alilijua. Gillis naye alilijua. Alijiambia kwamba asiye na kosa atavumilia, akala chakula chake cha jioni, dengu na nyama ya nguruwe, akarudia sahani.

Swaantje alivumilia siku mbili. Siku ya tatu, Jumatatu, aliungama. Wakamfungua, wakampandisha juu, wakamtaka arudie maneno yake bila maumivu wala minyororo, kama sheria inavyodai, na yeye akayarudia, kwa sababu alijua wanaokataa kurudia hurudishwa wapi. Ikaamuliwa anyongwe Jumamosi mbele ya ukumbi wa mji.

Jumanne Baertje alikuwa jikoni akitazama mtungi wa sukari ya mawe aliyokuwa akiitengenezea arusi ya mpwa wake. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia ndani ya maji mazito ya sukari, na kila uzi umeshaota mawe makubwa ya kahawia. Gillis alinyoosha mkono.

"Usiguse. Hii ina siku ya nane humo."

"Siku nane za nini? Mimi sukari naikausha mara moja tu."

"Ndiyo maana yako inatoka mchanga," alisema Baertje. "Sukari ukiiharakisha kwenye moto inakuwa chengachenga, haina umbo. Ukiiacha kwenye baridi inajijenga yenyewe, na pembe zake zote." Aliendelea kufuta mdomo wa mtungi, halafu mkono ukasimama. "Gillis. Lile bakuli la Lambert lilikaa stoo siku ngapi?"

Gillis alikwenda dukani, akachukua kipande cha shabu alichopewa na watia rangi, akakikoroga kwenye maji ya moto mpaka maji yakashiba, akateremsha kibakuli stoo. Safari hii hakutia makaa chini yake.

Alhamisi asubuhi alishuka na taa. Hakuhitaji hata hadubini. Kitakoni mwa kibakuli zilikaa fuwele saba nane, kubwa kiasi cha kuonekana kwa jicho, safi, pande nane, piramidi mbili kitako kwa kitako. Akachukua hadubini hata hivyo, akatazama, akatazama tena. Vile vibamba vyake vya pembe sita vilikuwa shabu iliyokimbizwa na makaa, ikalala bapa juu ya kioo kabla haijapata nafasi ya kujijenga. Shabu na sumu ya panya, zikiachwa zitulie, zina sura moja. Alikaa kwenye ngazi ya stoo.

"Vaa koti uende kwa hakimu," alisema Baertje alipomwona.

"Mara moja haitoshi. Niliharakisha mwanzo, ndiyo maana yametokea haya. Sasa nitafanya inavyopasa. Nitaweka vitatu, kimoja maji ya mvua, kimoja ya mferejini, kimoja na maziwa."

"Msichana ananyongwa Jumamosi, wewe unapanga vibakuli?"

"Nikienda bila uhakika watanicheka."

"Si wacheke, Gillis! Wamekucheka miaka minane hujafa."

Alipanga vibakuli. Maelezo yake yalikuwa mazuri, ya mtu msomi, na ukweli ni kwamba aliogopa. Kila saa fuwele zilivyokua kule stoo, yeye alikuwa anaomba zitoke za namna nyingine. Ijumaa saa tano vyote vitatu vilikuwa na pande nane. Hapo hakuwa tena na kibakuli cha kujifichia, akavaa koti.

Hakimu Van Teylen alimsikiliza huku anamenya yai. Gillis alieleza juu ya baridi na makaa, juu ya vibamba na piramidi, akaweka kibakuli mezani.

"Kwa hiyo siku ile uliapa uongo," alisema hakimu.

"Sikuapa uongo, Mheshimiwa. Nilikosea."

"Uliapa kwamba si shabu. Leo unasema ni shabu."

"Nasema huenda ni shabu. Kwa kutazama tu haiwezekani kujua. Zile punje, kama zipo bado, mtu azionje tu."

"Zimetupwa. Kesi imekwisha, nani anaweka takataka?" Hakimu alitia chumvi kwenye yai. "Ameungama, Gillis. Kwa kinywa chake, bila maumivu wala minyororo, mbele ya wajumbe saba. Unataka kuniambia mtu anajisingizia kifo?"

"Vidole vyake vilikuwa kwenye vyuma."

"Na nani alivipeleka huko?"

Gillis alikitazama kibakuli.

"Sikiliza, ndugu yangu. Mimi na wewe tunasali kanisa moja, ndiyo maana nakwambia. Anayeapa uongo kwenye kesi ya kifo hukatwa vile vidole viwili alivyoviinua. Haya uliyoyasema, mimi sijayasikia. Ukiyasema tena mbele ya watu, nitalazimika kuyasikia. Chukua kibakuli chako."

Gillis alikichukua. Njiani alijikuta anavitazama vidole vile, cha shahada na cha kati, vinavyoshika sindano mbele ya tundu.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda gerezani, akampa mlinzi kitu kidogo, akafunguliwa. Swaantje alikuwa amekaa juu ya majani makavu, kafunikwa blanketi, mikono juu ya magoti. Vidole gumba vyote viwili vilikuwa vyeusi na vimevimba hata kucha hazionekani. Gillis alikuwa amekuja akidhani atatukanwa, na alikuwa tayari kutukanwa.

"Bwana Gillis," alisema msichana, akajaribu kusimama. "Nilikuwa naomba uje. Nataka unisamehe. Nilibishana na wewe mbele ya watu."

"Kaa chini, Swaantje."

"Nimefikiri sana humu ndani. Mchungaji amenisaidia. Chumba kilikuwa na giza siku ile, na mimi nilikuwa sijalala siku tatu namhudumia bwana. Lazima nilichota kopo jingine. Nilikuwa na hakika ni shabu, lakini wewe umeona kwa kioo. Macho yangu mimi ni ya kuonea sufuria tu." Alikuwa anaongea polepole, kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. "Alikuwa mzuri kwangu, bwana Lambert. Nimemuua kwa uzembe. Mchungaji anasema Mungu amenisikia."

Mlangoni Gillis alikuwa ameazimia kusema. Sasa ulimi ulikataa. Msichana huyu alikuwa amepata amani, na amani yenyewe imejengwa juu ya ukurasa wa arobaini na moja. Akimwachia amani hiyo, atakufa kesho akiamini ni muuaji. Akimwambia, atakufa akijua anauawa bure. Alichukia kusimama pale. Alimchukia mchungaji, akamchukia hakimu na yai lake, na zaidi ya wote alijichukia mwenyewe. Aliposema, alisema akitazama ukuta.

"Ilikuwa shabu. Ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyekosea."

Swaantje alimtazama. "Umewaambia?"

"Nimemwambia hakimu. Anasema kesi imekwisha."

"Kwa hiyo kesho iko palepale."

"Iko palepale."

Hakulia. Alivificha vidole vyake ndani ya blanketi, akavitoa tena kwa sababu vilimuuma. "Basi ungeniacha tu," alisema. Halafu akasema, "Hapana. Afadhali. Nilikuwa nazunguka na lile kopo kichwani kama mwenda wazimu, nalikumbuka mkononi na halikuwa mkononi." Kisha akamsogelea. "Mama yangu anakuja kesho. Ametoka kijijini jana kwa miguu, mlinzi kaniambia. Yeye ndiye aliyenifundisha ile dawa. Unafikiri atarudi vipi kule? Sema mbele ya watu, Bwana Gillis. Mimi huwezi kuniokoa, sina haja unidanganye. Ila sema kwa sauti, yeye asikie, watu wasikie, kwamba ilikuwa shabu. Mimi nitakuwa nakutazama."

"Nitasema," alisema Gillis, na wakati ule alikuwa na nia kabisa.

Jumamosi baridi ilikuwa kali hata mfereji ukaganda kingo zote mbili. Uwanja ulijaa tangu saa mbili. Waliokuja na watoto waliwabeba mabegani. Baertje alikataa kuja, alimfungia Gillis vifungo vya koti kwa mikono yake, akamwambia, "Nenda kaseme. Vidole tutajua baadaye." Gillis alisukumana mpaka akafika safu ya tatu, mbele ya nguzo ya kunyongea.

Walimpandisha Swaantje na gauni lake la kazi, kichwa wazi. Karani alisoma hukumu. Alisoma jina, akasoma maziwa na sumu, akasoma kwamba sumu ilithibitishwa na shahidi mwenye ujuzi, na kwamba mshtakiwa ameungama bila maumivu wala minyororo. Watu waliguna. Mwanamke mmoja alimwita Swaantje nyoka, wengine wakalidaka neno.

Swaantje hakuwa anasikiliza. Alikuwa anapekua nyuso, safu kwa safu, mpaka akamkuta Gillis. Akatulia hapo.

Karani alikunja karatasi. Sasa palikuwa kimya, kile kimya kifupi kabla mnyongaji hajaanza kazi, na mtu akisema neno uwanja mzima utasikia. Gillis alijaza pumzi. Alihisi vidole vyake viwili ndani ya glavu, kila kimoja peke yake, vina joto. Akafungua mdomo.

"Ilikuwa shabu," alisema.

Sauti haikutoka hata nusu. Aliyesimama kando yake, mchinjaji mwenye ndevu nyekundu, aligeuka na kuinamisha sikio. "Umesemaje?"

Gillis alimtazama yule mtu. Alikuwa mtu wa kawaida tu, hana ubaya wowote, amesimama anangoja jibu.

"Nimesema baridi kali leo."

"Jana ilikuwa afadhali," alisema mchinjaji, akageukia mbele.

Kule juu, Swaantje alikuwa ameiona midomo ya Gillis ikitembea. Alimwona na jirani yake akigeuka, akisikiliza, akijibu. Akamwinamishia Gillis kichwa mara moja, taratibu, kwa shukrani, kisha akageuza uso haraka kumtafuta mama yake, aone kama naye amesikia. Mama alikuwa amesimama karibu na kisima, macho chini, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote.